Kabla hujanunua dawa ya fangasi ya kucha, angalia haya

Ukucha wa mguu ukibadilika rangi, Nairobi nzima inageuka daktari. Jirani atakwambia ni fangasi, anayekutengeneza kucha atakwambia ni fangasi, na wa kemisti atakubaliana nao mkono ukiwa tayari kwenye rafu. Pengine ni kweli. Lakini kucha zinazodhaniwa kuwa na fangasi zikipimwa, karibu nusu yake hukutwa hazina. Basi kabla pesa hazijakutoka, kaa mahali penye mwanga, vua viatu, vua soksi, tuanze.

Toa rangi yote, pamoja na jeli na kucha za kubandika. Ukucha ukibaki wa manjano baada ya hapo, tulia kwanza. Rangi nyekundu na zile za giza huacha doa, hasa kwa wale wanaoruka ile ya chini isiyo na rangi. Chukua tupa ya kucha ukwaruze kidogo. Doa la rangi liko juujuu na litafifia, lakini fangasi kwa kawaida iko chini ya ukucha na haijali tupa yako. Vidoa vyeupe vya ungaunga vinavyojitokeza baada ya kukaa na rangi wiki nyingi kwa kawaida ni ukucha uliochoka, upumzishe. Na kama juzi ulikuwa Eastleigh kupakwa hina, jibu unalo.

Angalia mabadiliko yalianzia wapi. Fangasi hupenda kuingia kwenye ncha au pembeni, kisha inarudi nyuma pole pole kuelekea shina. Ukucha unanenepa, unabomoka ukiukata, unainuka kutoka kwenye nyama, na chini yake kunajaa unga wa manjano ambao wakati mwingine unanuka. Huanza na ukucha mmoja au miwili, mara nyingi wa kidole gumba. Kucha zote kumi zikigeuka kwa mpigo, tafuta sababu nyingine. Halafu panua vidole uchungulie katikati, hasa kati ya kile kidogo na jirani yake. Ngozi nyeupe iliyolowa, inayowasha na kuchubuka, au nyayo kavu zenye magamba, zinaipa fangasi nguvu kwenye orodha ya washukiwa.

Damu iliyovilia ni kitu kingine. Umecheza mpira, umeteremka milima ya Ngong na viatu vya kubana, au umekanyagwa kwenye matatu, ukucha ukawa wa zambarau, kisha mweusi. Doa hilo husogea mbele pamoja na ukucha. Tatizo ni kwamba ukucha wa mguu hukua kama milimita 1.5 tu kwa mwezi, na ule wa kidole gumba huhitaji miezi 12 hadi 18 kubadilika wote. Usikae ukiutazama kila asubuhi. Weka alama ndogo kwa tupa pale doa linapoishia upande wa shina, piga picha kwa simu, urudie mwezi ujao. Ukiona ukucha safi umejitokeza nyuma ya doa, acha liende.

Sasa kipimo, na hapa nisikilize vizuri. Shemeji yangu hushusha mizigo Marikiti, na msimu wa mvua yuko ndani ya gambuti tangu alfajiri. Ukucha wa kidole gumba ukawa wa kahawia, ukanenepa hadi mkasi ukashindwa. Akaenda kemisti. Hata soksi hakuvuliwa. Alieleza tu, akatoka na vidonge na tyubu ya krimu. Alimeza pesa zilipokuwepo, akaacha zilipoisha, akaanza tena. Ukucha ukabaki vilevile.

Dada yangu ndiye aliyemburuta hospitalini. Daktari wa ngozi akamuuliza kama kuna dawa ametumia, naye akatoa tyubu mfukoni kwa fahari, kama mtu anayeonyesha risiti. Wakakata kipande cha ukucha, wakakwangua unga wa chini, wakapeleka maabara. Kwenye darubini hakuna kitu. Wakaotesha sampuli waone kama fangasi itamea, wakangoja wiki kadhaa, hakuna kitu. Tulipoanza kushangilia, daktari akatukata: huenda kweli hakuna fangasi, na huenda ipo ila dawa imeifunika. Dawa ya kumeza hubaki ndani ya ukucha kwa miezi hata baada ya kuiacha. “Acha kila kitu, urudi baadaye tupime upya.” Kwa hiyo alilipia kipimo kilekile mara mbili, juu ya hela za vidonge.

Mara ya pili pia hakukuwa na kitu. Hapo ndipo daktari alipotaka kuyaona yale magambuti. Yalikuwa ya mitumba ya Gikomba, madogo kwa namba moja kuliko mguu wake, kwa sababu siku ile ndiyo yaliyokuwepo. Kidole kilikuwa kikigonga mpira msimu baada ya msimu, na ukucha unaosukumwa hivyo hunenepa na kugeuka rangi bila fangasi yoyote. Sasa amepata makubwa, na kule shinani ukucha unakuja mwembamba na safi.

Kwa hivyo kipimo kwanza, dawa baadaye. Sampuli itolewe kabla hujapaka wala kumeza chochote. Iwe na ule unga wa ndani, karibu na mahali ukucha mzima unapoanzia, kwa sababu kipande cha ncha peke yake kinaweza kudanganya. Kuotesha huchukua hadi wiki nne, usianze kuwapigia simu siku ya tatu.

Ikithibitika ni fangasi, jua kwamba krimu ya kawaida haipenyi ukucha. Terbinafini ya kumeza hutumika kama wiki 12 kwa kucha za miguu, na ini linapaswa kupimwa kabla. Mjamzito, mwenye tatizo la ini, na anayemeza dawa nyingine kila siku waseme mapema. Zile krimu zilizochanganywa na steroidi zinatuliza muwasho huku fangasi ikisambaa kwenye ngozi.

Kuna jambo moja lisilongoja picha za kila mwezi: mstari mweusi. Sisi wenye ngozi nyeusi wengi tuna mistari ya kahawia au myeusi kwenye kucha kadhaa, na haina neno. Lakini mmoja uliojitokeza peke yake, unaopanuka, au weusi unaomwagikia ngozi ya shinani, nenda wiki hiyohiyo. Bob Marley aligunduliwa saratani chini ya ukucha wa mguu mwaka 1977, kidole kilichodhaniwa kuumia kwenye mpira. Alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36.

Mengine ni ya haraka. Ukucha wa kijani mara nyingi ni bakteria. Mwenye kisukari asijikate wala kujikwangua nyumbani. Jik ni ya choo, si ya kucha. Saluni, beba tupa na mkasi wako. Na siku ya kwenda kwa daktari, acha viatu vya kanisani nyumbani, vaa vile vya kila siku.