Uvimbe unyayoni usiouma: angalia rangi ya chenga
Ndugu unayechunga au kulima peku kwenye miiba ya migunga, uvimbe unyayoni usiouma usiudharau. Huenda ikawa maisetoma, ugonjwa wa fangasi au bakteria unaoisumbua sana Sudan; Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele mwaka 2016. Ukitoboka vitundu na kutoa usaha, tazama bandeji uliyofungia kwenye mwanga, utafute chenga zilizotoka na usaha. Chenga nyeusi kama machicha ya kahawa huashiria fangasi, nyekundu, bakteria, nyeupe zaweza kuwa chochote kati ya hivyo, hapo ni maabara tu. Mwonyeshe daktari bandeji hiyo, maana dawa za fangasi na za bakteria ni tofauti kabisa. Tafadhali usiukamue! Ukianza dozi, ambayo kwa fangasi huchukua miezi mingi, piga picha kila mwezi, pembe ileile, rula kando, na uandike tarehe.