Namna ya Kuizuru Ikulu ya Itetemia Siku ya Mwisho ya Likizo

Wengi wanaokuja Tabora kwa likizo huimalizia siku ya mwisho sokoni, wakihangaika na madumu ya asali na mifuko ya michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa), kisha hupanda basi alfajiri ya pili yake bila kuiona Itetemia, makao ya watemi, yaani machifu, wa Unyanyembe yaliyo nje kidogo tu ya mji. Ushauri wangu ni kwamba zawadi zinunuliwe na mizigo ifungwe jana yake, ili asubuhi yote ya siku ya mwisho ibaki kwa ajili ya ikulu.

Asubuhi yote inahitajika kwa sababu huendi mahali penye dirisha la tiketi. Serikali ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963, lakini ukoo wa Fundikira, ulio ukoo wa watemi hao, upo, na anayeingia pale anaingia nyumbani kwa watu. Kwa hiyo, siku mbili au tatu kabla, mwombe mwenyeji wako au mwenyekiti wa mtaa akupelekee taarifa kwa wazee. Kushuka kwenye bodaboda na kuanza kupiga picha ni utovu wa adabu, hata asipokuwepo wa kukukemea.

Vaa nguo za heshima, na uchukue kitu mkononi; sukari na majani ya chai vinatosha. Ukimkuta mzee, salimia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka" ikiwa ni asubuhi, "Mwadila" ikiwa jua limeshapinduka, huku umeinama au umepiga goti kidogo, kisha ungoje uonyeshwe pa kukaa. Zawadi itoe kwa mikono miwili.

Baada ya hapo uliza, na usiwe na haraka ya majibu. Anza na neno mtemi lenyewe. Wako wanaosema limetokana na kutema pori, yaani kufyeka mahali pa kuishi, na wako wanaosema ni kukata mashauri. Mwache mzee akueleze analolishika yeye na sababu yake. Kisha mwombe akusimulie habari za Mtemi Isike. Huyu ndiye aliyewakatalia Wajerumani walipotaka kuishika njia kuu ya misafara ya pembe za ndovu kati ya pwani na Ziwa Tanganyika. Mwaka 1892 waliishambulia ngome yake zaidi ya mara moja wakashindwa, hadi Januari 1893 walipoivunja wakiongozwa na Tom von Prince. Isike alipoona maadui wamekwisha kuingia, alijifungia katika ghala la baruti akaliripua, ili wasimshike akiwa hai. Ukiwa na watoto, hakikisha wanaisikia habari hii wakiwa wamekaa katika ardhi ya Unyanyembe yenyewe, kwa maana darasani huwa ni mistari michache tu. Usisahau kuuliza pia habari za Mtemi Abdallah Fundikira, aliyeutawala Unyanyembe kabla ya uhuru, kisha akawa waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere.

Picha ziombe mwishoni, wakati mmekwisha kuzoeana. Penye makaburi au vifaa vya kitemi, kama vile ngoma, usiguse kitu na usisogee mpaka uambiwe.

Ukibakiwa na muda, pitia Kwihara, kwenye tembe (nyumba ya udongo yenye paa bapa) ambalo msafiri Livingstone alikaa mwaka 1872 hadi Agosti alipoanza safari yake ya mwisho. Saa moja inatosha. Mimi, nikilazimika kuchagua, huiacha Kwihara na kumsikiliza mzee mpaka amalize.

Kabla ya kuondoka, rudi kwa aliyekupokea umuage, hata kama dereva anapiga honi. Mara nyingi utapewa kitu cha kubeba, pengine chupa ya asali; funika mdomo wake kwa nailoni kabla ya kukaza kizibo, uiviringe kwa kanga na kuisimamisha katikati ya nguo, maana barabara ni ndefu na asali ya Tabora ni nyepesi kupenya.