Namna ya kuanzisha huduma ya kutoa tope la vyoo katika mitaa isiyofikiwa na gari

Anayetaka kuingia katika biashara hii jijini Dar es Salaam kwa kawaida hukimbilia kutafuta pampu, ilhali jambo la kwanza kuamua ni mahali tope litakapomwagwa. Sehemu kubwa ya jiji hutegemea vyoo vya shimo na makaro, na katika mitaa iliyobanana kama Tandale au Manzese kuna vichochoro ambavyo gari la kunyonya majitaka haliwezi kupenya. Ndiyo maana bado wapo vyura, yaani vijana wanaoingia shimoni na ndoo, na wapo wanaosubiri masika ili watapishe choo na kuyaachia maji ya mvua yabebe uchafu hadi mtaroni, mlangoni kwa jirani.

Basi anzia DAWASA, mamlaka ya maji na majitaka ya jiji, uombe ridhaa ya maandishi ya kumwaga katika mabwawa ya majitaka, mathalani ya Vingunguti, kisha upime kwa saa safari ya kutoka mtaani hadi huko na kurudi, kwa kuwa mafuta ndiyo yatakayokula faida. Jina la biashara utalisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, TIN (namba ya mlipakodi) utaipata TRA, mamlaka ya mapato, na leseni halmashauri. Serikali ya mtaa usiipite, kwani mjumbe wake anajua choo kipi kimefurika kabla mwenyewe hajakiri.

Kwa kazi yenyewe, pampu ya mkono iitwayo Gulper inatosha: ni bomba la plastiki lenye vali chini na fimbo ya kuvutia juu, na fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuitengeneza. Kabla ya kuizamisha, opoa takataka kwa chuma chenye ndoano, maana kitambaa kimoja au nepi moja hukwamisha vali, na hapo mtalazimika kuifungua ikiwa imejaa kinyesi. Tope likiwa zito, mwaga maji, ukoroge, ndipo uvute. Tumia mapipa ya lita 50 yenye vifuniko vya kukaza. Pipa la lita 200 likijaa lina uzito unaozidi kilo 200, na hakuna watakaolibeba kichochoroni hadi kwenye toyo, yaani pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu.

Mtu asiingie shimoni kwa sababu yoyote. Gesi yenye harufu ya yai bovu, ikizidi, huua uwezo wa pua kuinusa, hivyo kutosikia harufu si dalili ya usalama. Glavu, buti na sabuni ni sehemu ya mtaji. Wakulima wa mchicha pia wataomba tope hilo. Wakatalie, kwa sababu mayai ya minyoo huweza kuishi udongoni kwa miezi mingi.

Kwa maoni yangu, ubunifu halisi uko kwenye bei. Nyumba moja ina wapangaji kadhaa, na mwenye nyumba pengine anaishi mbali, kwa hiyo toza kwa pipa badala ya shimo zima, ili wanaoweza kuchangia mapipa manne leo wapate nafuu na kukuita tena mwezi ujao. Hesabuni mapipa pamoja na mteja mlangoni, uandike idadi kwenye risiti, na jioni umpelekee stakabadhi ya bwawani yenye idadi hiyo hiyo.