Gari la kwenda Moshi Desemba lianze kupimwa wiki mbili kabla

Kila Desemba barabara ya Chalinze hadi Himo hujaa magari madogo yanayopanda Kilimanjaro, na hukosi kuyakuta mengine pembeni yakiwa na boneti wazi, hasa kwenye lile joto la kati ya Mombo na Same. Baadhi yake yalitoka Dar yakiwa tayari na upungufu ambao mwenyewe angeuona akiwa nyumbani. Tatizo ni kwamba alifungua boneti asubuhi ya safari, mizigo imeshapakiwa na watoto wameshakaa. Saa hiyo ukikuta oili imeshuka unaongeza na kuondoka, na hujui kama imeshuka kwa miezi sita au kwa siku nne.

Kwa hiyo anza wiki mbili kabla, na upime mara mbili. Mara ya kwanza jaza panapopungua, kisha andika kwenye simu: oili iko wapi, maji ya rejeta yako wapi, kila tairi ina upepo kiasi gani. Endelea na mizunguko yako ya kawaida, halafu wikiendi inayofuata pima tena kabla hujaongeza chochote. Ile tofauti ndiyo habari yenyewe. Gari lililopunguza maji kwa kwenda kazini na kurudi tu haliko tayari kwa zaidi ya kilomita 500, na bado una wiki nzima ya kumwona fundi, ambaye naye msimu huu ana foleni.

Usiku wa kuamkia siku ya kupima, tandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini. Matone ya maji safi, yasiyo na rangi wala utelezi, ni ya AC, na kwa unyevu wa Dar hayaepukiki. Doa jeusi au la kahawia ni oili. Doa jekundu linaweza kuwa haidroliki ya giaboksi au ya usukani, ila kulanti (maji maalumu ya rejeta) nyingi za Toyota nazo ni nyekundu au za pinki, kwa hiyo ligusie kidole: haidroliki ina utelezi wa mafuta, kulanti ni majimaji na huoshwa na maji mara moja. Kisha nawa, na sehemu iliyomwagikiwa kulanti isafishe. Kulanti nyingi zina sumu na ladha yake ni tamu, jambo la hatari kwenye ua wenye paka, mbwa au mtoto anayetambaa.

Oili ya injini haina mengi. Egesha pasipo mteremko, zima injini ikiwa imepata moto, subiri kama dakika 10 ishuke chini. Chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, futa, rudisha hadi mwisho, chomoa tena, ndipo usome. Kati ya alama ya chini na ya juu, kwa magari mengi madogo, ni kama lita moja, kwa hiyo usimimine galoni zima kwa sababu tu umeona iko katikati. Ikizidi sana huchapwachapwa na mashine ndani ya injini, hutoa povu na kushindwa kulainisha vizuri. Weusi peke yake usikutishe, ni kazi ya oili kubeba masizi. Cha kutisha ni oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa: hapo maji yameingia, na safari iahirishwe mpaka fundi aone.

Kwenye rejeta ndipo ubishi ulipo. Utaambiwa kulanti ni ya nchi za baridi, sisi hatuna barafu, weka maji ya bomba twende. Kuzuia kuganda ni kazi moja tu ya kulanti. Inazuia pia kutu ndani ya rejeta na kwenye pampu ya maji, na inachelewesha mchemko. Maji ya bomba, hasa ya visima vyenye chumvi, huacha magaga kwenye vijia vyembamba vya rejeta. Ukizunguka mjini huenda usione kitu, lakini ukiwa na AC, abiria watano na mwendo wa saa nzima juani, geji ya joto inaanza kupanda.

Pima injini ikiwa imepoa kabisa, yaani asubuhi. Tanki dogo la akiba lina alama mbili, na kiwango kikae katikati yake. Halafu, kama gari lako lina mfuniko juu ya rejeta yenyewe, ufungue pia. Tanki la akiba linaweza kuwa limejaa huku rejeta ina pengo, kwa sababu mfuniko umechoka na hauvuti maji kurudi. Fanya hivyo injini ikiwa baridi tu. Ndani ya mfumo ulio moto maji yamebanwa kwa mgandamizo na yamepita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua yanachemka papo hapo na kukurukia usoni. Ndiyo sababu ya makovu ya mikono ya baadhi ya makondakta.

Mafuta ya breki ni tofauti na vingine vyote: yakishuka, usikimbilie kuongeza. Hushuka yenyewe taratibu kadiri pedi zinavyolika, na pedi mpya zikifungwa hupanda tena. Kwa hiyo kiwango cha chini kinakuuliza swali: pedi zimeisha, au kuna mahali panavuja? Kikishuka kati ya vipimo vyako viwili, gari lisiondoke. Tazama na rangi pia. Yanapokuwa mapya ni meupe au ya njano hafifu. Yakiwa kahawia yamekaa muda mrefu, na mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani. DOT 3, ambayo ni aina mojawapo ya mafuta ya breki, ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, iliyoshiba unyevu inaweza kuchemka kwenye 140 hivi. Anayeshuka kutoka Rombo au Marangu huku amekanyaga breki muda wote anaweza kuufikia moto huo, na pedali ikazama hadi chini. Shuka kwa gia ndogo, na mafuta yabadilishwe kila miaka miwili. Usimruhusu mtu yeyote kumimina humo oili wala haidroliki, maana mipira ya mfumo huvimba na breki zikafa.

Haidroliki ya usukani: Vitz na IST nyingi zinatumia mota ya umeme, usitafute tanki lisilokuwepo. Ya giaboksi ya otomatiki, kama gari halina dipstiki yake, mwachie fundi. Maji ya waipa jaza tu.

Sasa matairi. Geji ya mkononi ni kitu cha bei ndogo, inunue, kwa sababu kompresa za vituoni hazisomi sawa na pia ukifika huko tairi zimeshapata moto. Tairi hupimwa baridi, gari likiwa limelala au limekaa angalau saa tatu. Namba sahihi iko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Magari yetu ya Japani huandika kwa kPa, kipimo kimoja cha upepo; kingine ni psi. 220 ni psi 32, 240 ni 35, 250 ni 36. Ile namba ya ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe, si kipimo cha gari lako, na wanaojaza psi 45 kwa kuisoma hiyo, tairi zao hulika katikati. Tairi inayolika kingo zote mbili imekosa upepo muda mrefu. Ukingo mmoja tu, peleka alaimenti, magurudumu yanyooshwe. Njiani, ukipima Korogwe ukakuta imepanda psi 4 au 5, usipunguze. Ni moto tu, na ikipoa utakuwa umeipunja.

Soma pia tarakimu nne za mwisho za ule msururu wa herufi na namba unaoanza na DOT ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata (ile mifereji ya juu inayoshika barabara) nzuri linaweza kuwa zee kuliko gari.

Spea ndiyo inayosahauliwa. Kama ni ile nyembamba ya muda, inataka kPa 420, yaani psi 60, na mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Itoe, ipime, na ukiwa hapo jaribu kulegeza nati moja ya gurudumu kwa spana uliyo nayo; zilizokazwa kwa mashine gereji mara nyingi hazifunguki kwa mkono, na wakati huu bado uko nyumbani. Geji iingie kwenye begi, maana wakati wa kurudi buti litakuwa na mikungu ya ndizi na magunia ambayo hukuja nayo. Kama kibandiko kina kipimo cha mzigo mzito, jaza hicho asubuhi kabla ya kuwasha gari.