Somo: Kupima daraja la sarafu za zamani za Uingereza, tukianza na peni

Wakuu, somo hili ni la anayeanza kukusanya sarafu za Uingereza za kabla ya tarehe 15 Februari 1971, siku ambayo Waingereza waliacha hesabu ya peni 240 kwa pauni wakahamia peni 100. Bei ya sarafu hizi hutegemea zaidi mambo mawili: mwaka, na daraja, yaani imelika kiasi gani. Mwaka unausoma mwenyewe. Daraja ndilo linalowaliza watu, kwa sababu nywele za mfalme zinaweza kukosekana kwa njia mbili: zimefutika mifukoni mwa watu, au hazikuchapwa sawasawa tangu kiwandani. Asiyejua kutofautisha hayo mawili atanunua ghali na atauza kwa hasara.

Anza na peni za bronzi, zilizochapwa toka 1860 hadi 1970. Ni kubwa, zipo tele, na ukikosea bei hutaumia sana. Achana na pauni za dhahabu mpaka jicho lizoee.

Vifaa: mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, kalipa (kifaa cha kupimia upana), lenzi ya kukuza mara 10, taa moja ya mezani, na kitambaa kinene cha kutandika ili sarafu ikidondoka isiumie. Zima taa ya dari. Mwanga ukitoka pande zote, mikwaruzo inajificha.

HATUA YA 1: Uzito na upana

Fanya hivi kabla hujavutiwa na uzuri wake. Peni ya bronzi ni gramu 9.4 na upana wa karibu milimita 31. Peni ya shaba tupu ya kabla ya 1860 ina uzito maradufu, gramu 18.8, na upana wa milimita 34. Upande wa fedha: peni sita ni gramu 2.83, shilingi 5.66, florini 11.31, nusu krauni 14.14, krauni 28.28. Ukitazama utaona kila moja imefuata uzito wa shilingi (peni sita ni nusu shilingi, florini ni shilingi 2, nusu krauni 2.5, krauni 5), kwa hiyo ukikariri shilingi umekariri zote.

Sarafu iliyolika hupungua uzito kidogo. Haiongezeki. Peni ya gramu 9.1 iliyochakaa ni jambo la kawaida. Ya gramu 9.9 irudishe kwa mwenyewe.

HATUA YA 2: Madini

Bronzi hii mwanzoni ilikuwa shaba asilimia 95, bati 4 na zinki 1; baadaye mchanganyiko ulibadilishwa kidogo. Sumaku haiivuti. Sarafu za fedha zilikuwa na fedha asilimia 92.5 hadi 1919. Mwaka 1920 ikashushwa hadi asilimia 50. Kuanzia 1947 fedha ikaondolewa kabisa, ikawekwa shaba na nikeli. Zile za asilimia 50 zikilika huwa na umanjano sehemu zilizoinuka, na wanaoanza hudhani wamepigwa. Hawajapigwa, ni shaba iliyomo ndani inayochungulia.

Ukiwa na shaka, tumia maji. Weka glasi ya maji juu ya mizani, rudisha kwenye sifuri, kisha itumbukize sarafu ikiwa imefungwa uzi, isiguse chini wala ukuta wa glasi. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Nusu krauni ya 1900 itasoma karibu 1.37, na jibu ni 10.3. Ukipata 1.59, jibu likawa 8.9, mkononi una shaba na nikeli yenye tarehe ya uongo. Viputo vya hewa vikishika kwenye sarafu hesabu inaharibika, kwa hiyo itikise kwanza majini.

HATUA YA 3: Mwanga

Ishike ubavuni kwa vidole viwili, usiguse uso wake. Iweke chini ya taa, uiinamishe polepole huku ukiizungusha. Sarafu ambayo haijatumika ina mng'ao wa mtambo: miale inazunguka juu yake kama spoku za baiskeli. Mng'ao huo hutokana na madini kutanuka wakati muhuri unapogonga, na ukishafutika haurudi. Iliyosuguliwa nayo hung'aa, lakini mwanga wake umelala mahali pamoja, na kwenye lenzi utaona vijistari vingi vinavyoelekea upande mmoja.

HATUA YA 4: Tazama palipoinuka

Hapa ndipo kazi ilipo, usiharakishe. Tuchukue peni ya George V, ya 1911 hadi 1936. Upande wa kichwa, panapolika kwanza ni mfupa wa shavu, nywele za juu ya sikio, masharubu na ndevu. Upande wa pili, pale Britannia (mwanamke anayewakilisha Uingereza) alipokaa na ngao yake na mkuki wa meno matatu, panatangulia kifua, kofia ya chuma, goti lenye mikunjo ya nguo, na mkono ulioshika ngao.

Hapo kuna mtego. Kichwa cha George V kilichongwa kwa mwinuko mkubwa mno. Muhuri ulipogonga, madini yalivutwa kwenda kujaza kichwa, na upande wa Britannia ukapungukiwa. Matokeo yake uso wa Britannia unatoka bapa hata kwa peni iliyotoka kiwandani jana yake, na mara nyingine kivuli cha kichwa cha mfalme kinaonekana nyuma yake. Kiwanda cha Royal Mint kilihangaika nalo kwa miaka mingi: mwaka 1926 sehemu ya peni zikatoka na kichwa kilichorekebishwa, kisha 1928 kikapunguzwa ukubwa.

Kwa hiyo ukikuta Britannia hana uso kwenye peni ya 1917, usikimbilie kushusha daraja. Angalia goti. Mikunjo ya nguo ikiwa mikali na shavu la mfalme halijalika, basi ni uchapaji dhaifu. Angalia pia ngozi ya mahali penyewe: palipolika ni laini, rangi imebadilika, na mng'ao umekufa, pasipochapwa vizuri pana chembechembe kidogo na mng'ao unapita juu yake bila kukatika. Kwa peni za Victoria za nywele zilizofungwa kisogoni, za 1860 hadi 1894, anza na nywele za juu ya sikio na lile fundo la kisogoni.

HATUA YA 5: Toa daraja

Wauzaji wanatumia herufi, nasi tutazitumia hivyo hivyo.

UNC: haijalika hata kwa lenzi, na mng'ao wa mtambo upo. Bronzi inaweza kuwa imegeuka kahawia; wekundu wa awali ukiwa bado umebaki, bei inapanda.
EF: imeguswa kidogo tu kwenye vilele. Nywele karibu zote zinahesabika, mabaki ya mng'ao yamejificha kuzunguka maandishi.
VF: kulika kunaonekana bila lenzi, ila nywele za juu ya sikio bado zimeachana na mikunjo ya nguo ipo.
F: nywele zimekuwa bonge lenye mistari michache. Sikio linatambulika, maandishi yote yanasomeka.
Chini ya hapo, VG na G, umebaki na umbo tu. Nunua kama mwaka ni adimu, vinginevyo ni ya kumchezea mtoto.

Kila upande upewe daraja lake. Ukiona VF/F ujue kichwa kimetangulia. Bei hufuata upande dhaifu zaidi, ingawa muuzaji atakwambia vingine.

HATUA YA 6: Kasoro

Daraja hupima kulika peke yake. Mikwaruzo, kibonyeo ukingoni, kutu ya kijani, tundu lililozibwa au alama ya kusafishwa huandikwa pembeni: «EF, imesafishwa». Kasoro kama hiyo inaweza kushusha bei kuliko madaraja mawili ya kulika.

HATUA YA 7: Kuhifadhi

Vifuko viwe vya Mylar (plastiki isiyodhuru sarafu), visiwe vya plastiki laini ya PVC. Kwa walioko Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, hewa ya chumvi ni adui mkubwa wa bronzi: weka kisanduku kinachofunga vizuri chenye vipakiti vya silika, uvibadilishe vikishashiba unyevu. Fedha iweke mbali na mpira (rababendi zimeharibu sarafu nyingi), sufu na maboksi ya kawaida. Salfa iliyomo humo huitia weusi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, peni zangu zilikuwa nyeusi, nikazilaza kwenye ukwaju usiku kucha kama tunavyosafisha masinia. Zimetoka za waridi. Nazo ni UNC sasa?

Jibu: Hapana ndugu yangu. Tindikali ya ukwaju imekula ngozi ya juu pamoja na mng'ao uliokuwa umebaki. Wekundu wa asili ni kama wa udongo na una miale. Waridi hili halina miale. Ziandike «zimesafishwa», uziweke mahali pakavu, zitarudi kahawia taratibu baada ya miaka. Ndimu, majivu, magadi na dawa ya meno ni yale yale. Uchafu unaoruhusiwa kuondoa ni vumbi na mafuta: loweka kwenye asetoni safi ndani ya chombo cha kioo, mbali na moto na dirisha likiwa wazi, suuza kwa maji yaliyotoneshwa (distilled), si tindikali ya betri, kisha gandamiza kwa kitambaa bila kusugua.

Swali: Nimetumiwa picha ya peni ya 1933, jamaa anasema ni ya babu yake. Ninunue?

Jibu: Peni za 1933 zinazojulikana ni kama saba tu. Nyingi zinazozunguka ni nakala, au 1935 na 1936 zilizochongwa tarakimu ya mwisho. Chini ya lenzi, linganisha hiyo 3 ya mwisho na iliyo mbele yake: urefu, mzunguko, na kama uwanja unaoizunguka una alama za kukwangua. Tukiwa hapo hapo, hakuna peni za kawaida zenye tarehe ya 1923, 1924 wala 1925, wala 1941 hadi 1943. Anayekuuzia ana lake. Ukitaka miaka adimu unayoweza kuipata kihalali, fuatilia 1950 na 1951: zilichapwa 240,000 na 120,000.

Swali: Herufi H kando ya mwaka ni nini, na inaongeza bei?

Jibu: Ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham, KN ni Kings Norton, pia Birmingham. Kwenye peni za George V herufi ipo kushoto kwa mwaka, kwenye za Victoria ipo chini ya mwaka. 1912 H ni nyingi. H na KN za 1918 na 1919 ni chache, na zikiwa EF ni ngumu kuzipata. Kuwa mwangalifu na 1882: isiyo na H ndiyo adimu sana, kwa hiyo wajanja huikwangua H ya zile za kawaida.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi niko Tanga, nyumbani tuna shilingi za Afrika Mashariki zenye simba. Hatua hizi zinafaa?

Jibu: Marahaba. Zinafaa, badilisha namba tu. Shilingi hiyo ni gramu 7.78, upana karibu milimita 28. Za 1921 hadi 1946 zina fedha asilimia 25, kuanzia 1948 ni shaba na nikeli. Kwa simba tazama manyoya ya shingo na bega. Kwa mfalme tazama vito vya utepe wa taji, ndivyo hutangulia kufutika. H na KN ni zile zile za Birmingham, I ni Bombay, SA ni Pretoria.

Swali: Muuzaji wa Marekani ameandika VF 30. Ni sawa na VF ya somo?

Jibu: Si sawa. Wamarekani wana kipimo cha namba 1 hadi 70, na VF yao huanzia 20. Kwa kawaida VF ya Waingereza inakaribia XF 40 yao (XF ndiyo EF kwa Wamarekani), kwa hiyo hiyo VF 30 ihesabu kama kati ya F na VF hapa. Mwombe picha mbili za kila upande, taa ikiwa imetoka pande tofauti. Akikutumia moja tu, tena yenye giza, mpe bei ya F.