Kuvuka Nyika ya Australia kwa Gari Mkiwa Kundi: Adelaide hadi Darwin, Hatua kwa Hatua

Watu wa nyumbani wakisikia ninaishi Australia hudhani kangaruu wananizoea kama paka wa jirani. Ukweli ni kwamba miaka yangu ya mwanzo Adelaide nilijua njia tatu tu: ya kazini, ya msikitini na ya dukani. Nyika nimekuja kuijua baadaye, na hadi sasa nimeivuka mara tatu kwa gari, kutoka Adelaide kusini mpaka Darwin kaskazini, kila mara nikiwa na kundi. Mara ya mwisho tulikuwa tisa: mimi na mke wangu na watoto wawili, dada yangu mkubwa na shemeji waliokuja kutoka Tanga, na rafiki yangu Mkenya, mkewe na mama mkwe wake.

Baada ya Port Augusta barabara ni moja tu, Stuart Highway. Imepewa jina la John McDouall Stuart, aliyelivuka bara hili kutoka kusini hadi kaskazini mwaka 1862. Lami yake ilikamilika mwaka 1987. Ukiongeza mchepuko wa kwenda Uluru, jiwe kubwa maarufu la katikati ya bara, mita ya gari itasoma karibu km 3,500. Barabara yenyewe haina ugumu. Safari huvurugwa na giza na watu kutoelewana, ndiyo maana hatua nyingi hapa chini zinahusu mambo hayo mawili.

Hatua ya 1: Undeni kamati kabla ya kufungua ramani

Sisi tunajua kuendesha harusi kwa kamati. Safari hii iendesheni vivyo hivyo. Awepo mwenyekiti mwenye kauli ya mwisho ya kuondoka na kusimama, na mweka hazina asiyeona haya kudai. Kundi la WhatsApp lifunguliwe miezi minne kabla. Malazi na gari vilipwe mapema kwa mchango, na pesa ya mafuta iwekwe kwenye kapu moja.

Mafuta gawaneni kwa kichwa, msigawane kwa gari. Safari yetu ya kwanza kila gari lilijilipia, na lile lililobeba mizigo yote ya kundi likanywa mafuta kuliko mwenzake. Hakuna aliyesema kitu mpaka Tennant Creek, ambako yalisemwa yote kwa mkupuo.

Hatua ya 2: Chagueni majira ya baridi

Nendeni kati ya Mei na Septemba. Kiangazi cha huku, Desemba hadi Februari, katikati ya bara joto hupita nyuzi 40, na kaskazini ni masika, mito hufurika na kukata barabara. Ila msidanganyike na neno jangwa: usiku wa Julai pale Uluru maji ya kwenye ndoo yanaweza kuganda. Dada yangu alikuja na khanga na sweta moja jepesi. Tulimnunulia koti.

Hatua ya 3: Magari mawili, msichukue Haisi moja

Leseni ya kawaida ya gari dogo ya Australia inakuruhusu kuendesha gari lenye viti visivyozidi 12, dereva akiwemo. Kwa hiyo kila kundi la Waafrika Mashariki likikaa pamoja, lazima atokee mtu wa kusema, "Si tukodi Haisi?" Tulifanya hivyo mara ya pili. Haisi ikijaa watu haina pa kuweka mizigo, maana buti ni upana wa kiganja. Tulisafiri na mabegi mapajani kama abiria wa daladala la Mbagala saa 12 jioni, tofauti ni kwamba daladala hufika.

Magari mawili yanagharimu zaidi, lakini yanaokoa. Moja likiharibika, la pili linafuata msaada. Watoto wakigombana, mnawatenganisha. Kwa barabara ya lami hamhitaji magari ya kuvuta magurudumu yote manne. Gari lolote la familia lililo juu kidogo linatosha.

Mkikodi, someni mkataba kabla ya kusaini. Ulizeni mambo manne: kilomita zina kikomo? Kuendesha usiku nje ya mji kunaruhusiwa? Barabara ya vumbi je? Na bima inagusa tairi na kioo cha mbele? Kampuni moja tuliyokodi ilikuwa imeviacha nje vyote viwili, na sisi tulilijua hilo baada ya jiwe kurushwa na lori. Ulizeni pia ada ya kuliacha gari mji mwingine, kwa sababu Adelaide hadi Darwin ni safari ya kwenda tu.

Hatua ya 4: Pangeni siku kwa jua na kwa sheli

Hapa ndipo wageni wengi hukosea. Hufungua simu, wakaona km 900 ni mwendo wa saa tisa, wakajipangia siku moja. Nyikani siku ya Julai ni fupi. Jua linachomoza baada ya saa 1 asubuhi na kuzama karibu saa 12 jioni. Alfajiri na machweo ndiyo saa za kangaruu kuvuka barabara, na ng'ombe hawana saa, kwa kuwa sehemu kubwa ya njia haina uzio. Kanuni yetu: gari linawashwa saa 2 asubuhi, na saa 11 jioni limeshaegeshwa. Ukitoa muda wa chakula, choo na picha, unabaki na km 500 au 600 kwa siku.

Jambo la pili ni sheli. Nyikani sheli ni kila kitu kwa pamoja: pampu, duka, baa, gesti, na wakati mwingine fundi. Jazeni tangi kila mnapofika, hata likiwa nusu. Kati ya Glendambo na Coober Pedy kuna takriban km 254 bila sheli hata moja, na upepo wa mbele hula mafuta kuliko mnavyodhani. Gari letu la pili liliwahi kuingia Coober Pedy taa ya mafuta ikiwaka, na shemeji ndani yake akivuta uradi kimyakimya. Kwa wastani wa lita 12 kwa km 100, kila gari litakunywa kama lita 420 safari nzima. Bei hupanda kadiri mnavyoingia ndani, kwa hiyo msipige hesabu kwa bei ya mjini.

Sehemu kadhaa za katikati mtakuta petroli iliyopunguzwa kemikali zinazolewesha. Iliwekwa kwa makusudi, kuzuia vijana kunusa petroli na kulewa. Haidhuru injini.

Ratiba tuliyoifuata ni hii. Siku ya kwanza Adelaide, Port Augusta, kisha Glendambo, karibu km 590. Siku ya pili ni fupi, mpaka Coober Pedy, mji wa machimbo ya opali, jiwe la thamani lililogunduliwa hapo mwaka 1915. Wakazi wengi wamechimba nyumba ndani ya mwamba kukimbia joto, na gesti kadhaa ziko chini ya ardhi vilevile. Laleni huko. Giza lake ni la aina ambayo mtoto wangu aliuliza kama amefumba macho au hajafumba. Msitembee kinyumenyume mkipiga picha karibu na machimbo. Mashimo ni mengi na hayana kifuniko.

Siku ya tatu mpitie Marla na Kulgera hadi Erldunda, karibu km 490. Siku ya nne pindeni kushoto km 245 kwenda Yulara, kijiji cha wageni wa Uluru. Njiani mtaona mlima mkubwa wenye kilele bapa na wote gari zima mtapiga kelele "Uluru!" Siyo. Ni Mount Conner. Laleni Yulara usiku mbili. Halafu Alice Springs, km 450, mpumzike siku nzima. Kisha Tennant Creek, km 510, mkisimama Karlu Karlu kutazama mawe makubwa ya mviringo yaliyobebana kama mayai. Kisha Mataranka kwenye chemchemi ya maji ya uvuguvugu, kisha Katherine, na mwisho Darwin, km 320. Jumla siku 11. Kwa siku saba inawezekana, lakini mtakachokiona ni mstari mweupe wa barabara.

Hatua ya 5: Pakieni maji kwanza

Lita 10 kwa kila mtu kwa kila siku ya njiani, kwenye madumu madogo kadhaa, msitegemee dumu moja kubwa linaloweza kupasuka. Kila gari liwe na spea yenye upepo, jeki na spana, na madereva wote wawe wamebadilisha tairi angalau mara moja nyumbani. Mama mkwe wa rafiki yangu alisimamia zoezi hilo barazani kwao, akiwa na saa mkononi.

Chakula chetu kilikuwa hivi: nyama ya halali tuliinunua Adelaide, tukaigandisha, na ikakaa kwenye deli la barafu mpaka Alice Springs. Chapati za siku mbili, unga wa ugali, dagaa, jiko dogo la gesi, chupa tatu za chai. Viwanja vya kupigia hema vina majiko ya umma ya kuchomea nyama, mnayasafisha tu mkimaliza. Moto wa kuni ulizieni kila mnapofika, maana kuna siku unapigwa marufuku kabisa.

Na nunueni vyandarua vya uso. Vinachekesha mpaka dakika ile nzi wa kwanza atakapoingia mdomoni.

Hatua ya 6: Kanuni za barabarani

Mnaendesha kushoto kama Tanzania na Kenya. Upande wa Australia Kusini kikomo ni km 110 kwa saa. Mkiingia Northern Territory, eneo la kaskazini ambako Darwin ipo, sehemu nyingi ni 130. Sisi hatuvuki 110 popote. Badilishaneni usukani kila saa mbili, hata dereva akiapa hajachoka. Barabara iliyonyooka hulewesha.

Mtakutana na malori yenye matela matatu au manne, urefu hadi mita 53.5. Kulipita moja kunahitaji barabara tupu mpaka upeo wa macho. Wekeni redio ya upepo katika kila gari. Madereva wa malori wako chaneli ya 40. Mwambieni mko nyuma na mnataka kupita, mara nyingi atawajibu. Lori likija mbele yenu, punguzeni mwendo na shikeni usukani kwa mikono miwili, upepo wake unasukuma.

Mnyama akiruka mbele, funga breki ukiwa umenyooka. Usikate kona. Wengi hupinduka kwa kumkwepa kangaruu, na gari lililopinduka ni baya kuliko bampa lililopondeka. Mkiona mzoga barabarani pia punguzeni: tai wanaoula ni wakubwa na wazito, huchukua muda kupaa, na huweza kupaa kuelekea kwenye kioo chenu.

Mtaona ngamia wa porini. Babu zao waliletwa karne ya 19 pamoja na wachunga ngamia Waislamu kutoka Afghanistan na bara Hindi, waliobeba mizigo ya nyika hii kabla ya reli na malori. Msikiti wa Adelaide walioujenga mwaka 1888 na 1889 bado unasaliwa. Ndimo tulimosomea dua ya safari.

Hatua ya 7: Uluru ina wenyewe

Jiwe lina kimo cha mita 348 kutoka ardhini, na ardhi ile ilirudishwa rasmi kwa Waanangu, wenyeji wake wa asili, tarehe 26 Oktoba 1985. Siku na mwezi uleule mwaka 2019 kulipanda kulifungwa kabisa. Njia ya kulizunguka ni km 10.6. Anzeni mapema, na wasioweza watembee kipande tu. Kuna sehemu zenye bango la kukataza picha; zimeni simu, hata kama hakuna anayewaona. Tiketi ya hifadhi inanunuliwa mtandaoni. Malazi ya Julai yanajaa miezi kabla, na uwanja wa mahema ni nafuu sana kuliko hoteli.

Nje ya barabara kuu, ardhi nyingi ni ya jamii za wenyeji na huingii bila kibali. Sehemu nyingi za ardhi hizo, kuwa na pombe tu kwenye gari ni kosa.

Hatua ya 8: Gari likigoma

Msiliache. Gari lina kivuli, na huonekana kutoka angani. Mtu anayetembea haonekani. Fungueni boneti, kaeni kivulini, kunyweni maji kabla ya kiu. Simu itakuwa haina mtandao kwa masaa kati ya mji na mji, na laini ya Telstra ndiyo inayofika mbali zaidi. Namba ya dharura ni 000. Sisi hubeba pia kifaa cha kuitia msaada kwa setilaiti, PLB, kilichosajiliwa bure serikalini. Kila asubuhi tulimtumia jirani yangu Adelaide ujumbe: tunatoka hapa, tunalala pale, usipotusikia saa 3 usiku piga simu.

Hatua ya 9: Kaskazini tazameni mabango ya maji

Kuanzia Katherine mandhari hugeuka, miti inarudi, na mito inavutia watoto waliokaa siku tisa kwenye vumbi. Humo mna mamba. Ogeleeni pale tu penye bango la kuruhusu. Rafiki yangu, aliyekulia karibu na Mto Tana, hakuhitaji kuelezwa.

Darwin tulifika Alhamisi, siku mojawapo ya soko la jioni la ufukweni Mindil, ambalo majira haya hufunguliwa Alhamisi na Jumapili. Tulikaa mchangani na mishikaki ya Kiasia inayofanana na ya Forodhani, mweka hazina akafungua daftari lake kabla hata hatujanawa. Kapu lilibaki na dola 61. Mama mkwe akapendekeza zinunuliwe maembe, na mwenyekiti akaafiki.