Namna ya Kukusanya Vipuri Halisi vya Ndege za Kale za Mashambulizi

Anayeanza kukusanya vipuri vya ndege za kale za mashambulizi na achague kwanza aina moja tu, iwe Ju 87 ya Ujerumani, Il-2 ya Kisovieti au Skyraider ya Marekani, kwa kuwa jicho la kutambua kipuri halisi hukomaa kwa kukilinganisha na vingine vya ndege ileile.

Kila unapoletewa kipuri, tafuta kibati chake kabla hujavutiwa na umbo lake. Hapo huandikwa jina la mtengenezaji, nambari ya kipuri na nambari ya utambulisho wa kifaa chenyewe, na mara nyingi karibu yake hugongwa mhuri mdogo wa mkaguzi wa kiwandani. Chukua mfano wa Skyraider, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1945 na kuacha kuundwa mwaka 1957. Ukiuziwa geji inayosemekana ilipigana vita vya Korea, nawe ukakuta ina nambari ya bohari, yaani ile ambayo jeshi huipa kila aina ya kifaa katika orodha ya akiba yake, yenye tarakimu 13, kumbuka kwamba Marekani ilianza kutumia nambari hizo mwaka 1974, na zilizotangulia zilikuwa na tarakimu 11. Geji yenyewe yaweza kuwa ya kweli, lakini ama kibati kilibandikwa baadaye, ama masimulizi ya muuzaji hayana msingi. Chunguza pia skrubu na ribiti zinazokishika kibati: mikwaruzo mipya juu ya chuma kilichochakaa inatosha kukufanya uahirishe malipo.

Geji za enzi ya vita vya pili vya dunia zinahitaji tahadhari ya pekee, kwani namba na mishale ya nyingi kati yake ilipakwa rangi yenye radiamu, elementi itoayo mionzi hatari. Wengi hudhani kwamba rangi iliyoacha kung'aa gizani imekwisha nguvu; kilichochoka ni kemikali inayotoa mwanga, ilhali radiamu hupungua kwa nusu baada ya miaka 1,600 hivi. Usiifungue geji ya namna hiyo wala kuikwangua, bali ipime kwa kipima mionzi na uihifadhi mbali na chumba cha kulala. Kiti cha kumrusha rubani nje nacho kisiingie nyumbani mpaka fundi mwenye ujuzi huo athibitishe kwa maandishi kwamba baruti zake zote zimeondolewa.

Kuhusu mabaki yaliyoanguka, usiokote kitu bila kibali, hata kama hakuna anayekuona. Uingereza huyalinda kwa sheria ya mwaka 1986, inayokataza kufukua ndege iliyoanguka ikiwa kazini kijeshi bila leseni ya Wizara ya Ulinzi, na mimi naiona sheria hiyo kuwa ya haki kabisa, kwa sababu baadhi ya mabaki hayo bado ni kaburi la rubani.

Kipuri kikishakuwa chako, kipige picha pande zote na uhifadhi stakabadhi na barua za muuzaji pamoja nacho. Ondoa vumbi kwa brashi laini tu. Rangi ya kiwandani na mihuri ya wino ikishafutwa kwa dawa ya kung'arishia, hairudi.